Ishirini ya Mkataba, Mbili ya Skrini

Sogeza kiti chako hapa penye kivuli, wewe unayenisikiliza, na kama una kalamu ishike, maana kuna hesabu ndogo tutakayoifanya pamoja. Usiogope. Ni ya kugawanya tu, na nitaenda polepole. Mimi mwenyewe nilichelewa kuifanya kwa wiki tatu hivi, na katika wiki hizo nilikaribia kumtoa kazini mtu ambaye hakuwa amekosa chochote.

Ninafundisha hisabati Lodwar, katika kituo kidogo cha mafunzo ya ufundi. Kituo kina chumba cha kompyuta hapa Lodwar na kingine Kakuma, ng'ambo ya laga, yaani ule mto mkavu wa kule, mahali ambapo watu wa mjini na watu wa kambi ya wakimbizi wote wanaweza kufika kwa miguu. Kwa kuwa ninapenda mambo yaliyonyooka, mkuu wa kituo alinipa kazi ya kuviangalia vyumba vyote viwili: kuona kwamba viti vipo, kompyuta zinawaka, na mtandao unafika kama ulivyoahidiwa. Hilo la mwisho ndilo lililonitia matatani.

Chumba cha Kakuma kilikuwa na watu wawili wa kudumu. Mmoja alikuwa fundi wa mtandao, mwanamke wa miaka arobaini hivi aliyetoka Kongo, akiishi kambini na watoto wake watatu. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno machache, na kila mara alivaa kamba ya funguo shingoni kama mtu anayeogopa kuibiwa usingizini. Mwingine alikuwa mlinzi, Mturkana wa makamo, mwenye maneno mengi kuliko redio. Kabla ya kuja kwetu alikuwa ameangalia bomba la maji kwa miaka kadhaa, na mpaka leo mambo yote ya dunia huyaeleza kwa habari ya bomba.

Siku ile nilikuwa nimefika Kakuma mchana, mavumbi mpaka kwenye nyusi. Nilitaka kupakua video za masomo ili wanafunzi wazione hata mtandao ukikatika. Nikafungua faili la kwanza, megabaiti mia tatu, nikabonyeza. Nilikuwa na nakala ya mkataba mkononi. Mkataba uliandika kasi ya laini yetu: ishirini. Nikapiga hesabu kichwani, kama mwalimu yeyote wa hisabati. Mia tatu kwa ishirini ni kumi na tano. Sekunde kumi na tano, faili litakuwa limeshuka.

Sekunde kumi na tano zikapita. Thelathini zikapita. Kwenye skrini, ule mstari wa kijani ulikuwa unajikokota, na kando yake palikuwa na namba: mbili nukta tatu. Faili lilishuka baada ya dakika mbili na sekunde kumi. Nikajaribu jingine. Mbili nukta tatu. Nikazima kompyuta zote, nikabakiza moja. Mbili nukta tatu.

Ishirini imeandikwa, mbili inafika. Nikajiuliza kumi na nane zinaenda wapi.

"Fundi," nikaita, "hebu njoo uone. Karatasi inasema ngapi?"

Alifuta mikono kwenye kitenge, akainama. "Ishirini."

"Na hapa?"

"Mbili nukta tatu. Iko sawa."

"Iko sawa namna gani?"

"Unagawanya kwa nane, mwalimu. Ishirini kwa nane, mbili na nusu. Kidogo inapotea njiani. Iko sawa."

"Kwa nini nane? Kwa nini si tano?"

Akanitazama kama anayeangalia kama ninatania. "Ni vile banahesabuaka," akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo, na papo hapo akaitwa na mwanafunzi ambaye kompyuta yake ilikuwa imegoma. Akaenda.

Nami nikaona kwamba ameenda haraka mno.

Nataka unielewe hapa, kwa sababu kosa lilianzia hapa. Alikuwa ameniambia ukweli wote kwa sentensi chache. Lakini mimi nilisikia kitu kingine kabisa. Nilisikia mtu ambaye jibu lake lilikuwa tayari mdomoni. Nilifikiri: mwizi wa mbuzi hana haja ya hesabu, lakini mwizi wa mtandao lazima awe nayo, na huyu anayo. Anachukua sehemu saba, ananiachia ya nane, kisha ananifundisha kugawanya kwa nane!

Nikatoka nje. Mlinzi alikuwa amekaa juu ya mtungi wa plastiki wa manjano wa kuchotea maji, fimbo magotini.

"Ejok, mwalimu. Uso yako imefungwa kama duka ya Jumapili."

"Ejok noi," nikamrudishia salamu ya Kiturkana. "Niambie, mzee. Ukiwa kule kwa bomba, maji yakipungua mlikuwa mnafanyaje?"

Nilikuwa nimemfungulia mfereji. Aliniambia yote. Pale mferejini, alisema, hakuna mita. Kipimo ni mtungi wa lita ishirini. Akina mama wanajua mtungi unajaa kwa muda gani, wanajua hata kwa kuimba: wimbo huu ukifika mahali fulani, mtungi umejaa. Wimbo ukiisha na mtungi bado uko nusu, basi huko juu kuna kitu. Hapo hawamngojei mhandisi. Mlinzi wa bomba anachukua fimbo na kulifuata bomba kwa miguu, kutoka mferejini mpaka kwenye tangi, macho chini.

"Unatafuta nini?"

"Mchanga ina maji. Majani ya kijani mahali haifai kuwa na majani. Na mbuzi." Akainua kidole. "Mbuzi ndio inajua wa kwanza. Ukiona mbuzi imesimama pamoja mahali hakuna kivuli, hapo mtu ametoboa bomba."

"Na ukikuta?"

"Nakuta mtu amefunga na kipande ya tairi, anakunywesha wanyama yake. Anasema, 'Mimi sijui, nimekuta hivi.' Wote wanasema hivyo." Akainama kuelekea kwangu, akashusha sauti. "Kwani hii maji ya kompyuta imepungua?"

"Ishirini imekuwa mbili na kidogo."

Akapiga mluzi. "Hapo iko mtu anakunywa katikati. Na mimi naona nani. Mama Waya."

Hilo ndilo jina alilompa fundi wetu.

"Kwa nini yeye?"

"Shemeji yake ana duka pale. Ya kuchaji simu. Juu ya paa ameweka kitu. Inaangalia mlingoti yetu. Kila siku inaangalia."

Basi tukafuata waya. Sioni haya kukueleza, ingawa nikikumbuka sasa najicheka. Watu wazima wawili, mmoja na fimbo, mwingine na mkataba uliokunjwa mfukoni, tukitembea kutoka mlangoni mpaka kwenye mlingoti wa antena unaotuletea mtandao, tukiuangalia waya juu kama tunaosoma maandishi. Waya ulipita ndani ya bomba jeusi la plastiki, ukavuka miti ya mathenge, ukapanda nguzo mbili. Chini ya nguzo ya pili walikuwa wamelala mbuzi watano.

"Mwalimu, si nimesema!" mlinzi akanong'ona.

"Mzee, hapo kuna kivuli."

"Kidogo tu!"

Tukaikagua ile nguzo kwa muda mrefu. Waya ulikuwa mzima. Tukaenda mpaka kwenye duka la shemeji. Juu ya paa kulikuwa na kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa katikati, limefungwa kwenye mti, na waya ukiingia ndani ya duka. Shemeji mwenyewe hakuwepo. Mke wake alituambia kwamba ile ni antena ya televisheni, na kweli televisheni ilikuwa inaonyesha mpira wenye chengachenga nyingi. Mtu mwenye nia njema angeridhika na jibu hilo. Mimi nilitoka pale nikijiambia: nani amesema antena ya televisheni haiwezi kufanya kazi nyingine?

Utaona jinsi shaka inavyokula. Tukikuta kitu, ni ushahidi. Tusipokuta, basi mwizi ni hodari. Nilirudi Lodwar sijaona tundu hata moja, nikiwa na hakika kuliko nilivyoenda.

Baada ya wiki mbili na zaidi za kulitafuna jambo hilo, nikaandika barua. Sikumtaja kuwa mwizi, la; mimi ni mtu wa adabu. Niliandika kwamba "sehemu kubwa ya kasi haifiki chumbani", kwamba "maelezo ya fundi hayakuridhisha", na kwamba "ana jamaa mwenye biashara jirani". Sentensi tatu, kila moja ya kweli, na zikiwekwa pamoja zinamhukumu mtu bila kumwita. Mkuu wa kituo, mwanamke aliyezaliwa hapa hapa Lodwar na asiyependa maneno mengi, aliisoma akiwa amesimama.

"Una uhakika, Mwalimu?"

"Nimepima mara tatu, Madam."

"Huyu ana watoto. Na kazi kule si rahisi kwa mtu wa kambini. Akitoka kwetu na jina baya, hakuna atakayemchukua."

"Najua, Madam. Ndiyo maana nimepima mara tatu."

Alimpigia simu fundi mbele yangu. Alimwambia kwamba kuna malalamiko, kwamba yanachunguzwa, na kwamba Ijumaa atarudisha funguo mpaka jambo lijulikane. Sikusikia alichojibiwa. Nilimwona tu mkuu akiitikia kwa kichwa mara mbili, kisha akasema, "Ndiyo, dada, nimesikia. Nane." Akakata.

"Anasema nane," akaniambia. "Nane nini?"

"Ndiyo hesabu yake hiyo. Kila ukimuuliza, nane."

Madam akakaa. Aliitazama barua yangu, akaitazama tena. "Sikiliza. Nikisimamisha mtu, nataka karatasi inayosimama. Hapa Lodwar tunalipia ngapi?"

"Arobaini."

"Basi pima na hapa. Weka namba za Lodwar kando ya zile za Kakuma, ili mtu yeyote akisoma aone tofauti kati ya laini nzima na laini iliyotobolewa."

Nikaona ni wazo zuri. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimefanya kazi katika chumba cha Lodwar kwa miaka minne, nimepakua mafaili mamia, na sikuwahi hata siku moja kuilinganisha namba ya skrini na namba ya mkataba. Kwa nini ningelinganisha? Kabati la mitambo lilikuwa ofisini mwangu. Funguo zake zilikuwa mfukoni mwangu. Sikumshuku mtu, basi sikupima.

Nikachagua faili lile lile la megabaiti mia tatu. Nikatoa saa. Moyoni nilitarajia namba kubwa, tuseme thelathini na nane, ili barua yangu ipate miguu. Nikabonyeza.

Nne nukta sita.

Nikadhani kompyuta imechoka. Nikahamia nyingine. Nne nukta sita. Nikachomoa waya mmoja baada ya mwingine mpaka ikabaki ile moja tu, nikajaribu tena, jasho likinitoka ingawa feni ilikuwa inazunguka. Nne nukta sita. Sekunde sitini na tano.

Nikachukua kalamu. Ishirini kwa mbili nukta tatu. Arobaini kwa nne nukta sita. Ni uwiano ule ule, haujapotoka hata kidogo. Kama kule Kakuma mtu alikuwa anakunywa katikati, basi hapa Lodwar kulikuwa na mwingine anayekunywa kwa kipimo kile kile, na mwenye funguo za kabati alikuwa mmoja tu. Nilishika mfuko wangu. Kwa dakika nzima nilikaa nikiwa mshukiwa wa barua niliyoiandika mwenyewe. Ushahidi wote ulikuwepo: sehemu kubwa ya kasi haifiki, na mwenye funguo hana maelezo.

Hapo ndipo nilipofanya kile ambacho ningewafanyisha wanafunzi wangu siku ya kwanza. Mwanafunzi akiniandikia "kumi" bila kusema kumi ya nini, namkata alama na kumuuliza, "Kumi mbuzi?" Kwa mara ya kwanza nilisoma kile kilichoandikwa baada ya namba. Kwenye mkataba: megabiti kwa sekunde. Kwenye skrini: megabaiti kwa sekunde. Vipimo viwili. Nilikuwa nimevipita mara kumi, jicho likichukua namba na kuacha kilichobaki, kama mtu anayekula nyama na kutupa mfupa kumbe uboho uko mle.

Sasa shika kalamu yako.

Biti ni kitu kidogo kabisa ambacho kompyuta inakijua: ndiyo au hapana, moja au sifuri. Hakuna kitu chini yake. Lakini biti moja peke yake haisemi kitu. Ili kompyuta iweke herufi moja, tuseme herufi ya kwanza ya neno "maji", inahitaji biti nane zilizokaa pamoja. Kifurushi hicho cha biti nane kinaitwa baiti. Biti nane, baiti moja. Ndipo nane ilipotoka. Fundi hakuibuni, ilikuwepo kabla yake na kabla yangu.

Wanaouza laini huhesabu biti, kwa sababu kwenye waya data husafirishwa kama biti, moja nyuma ya nyingine, na wao kazi yao ni njia. Kompyuta inayopokea faili huhesabu baiti, kwa sababu kazi yake ni kuweka, na huweka kwa vifurushi. Kila mmoja anasema kweli kwa kipimo chake. Kwa hiyo megabiti ishirini kwa sekunde, ukigawanya kwa nane, ni megabaiti mbili na nusu kwa sekunde. Arobaini kwa nane ni tano. Ukiwa na namba ya skrini na unataka kurudi kwenye ya mkataba, unazidisha badala ya kugawanya. Na kama siku moja mkataba wako utaandika gigabiti moja, usishtuke: hiyo ni megabiti elfu moja, nayo vilevile igawanye kwa nane, upate megabaiti mia moja ishirini na tano. Umeona? Nilikuambia ni ya kugawanya tu.

Utauliza, basi mbona ilikuwa mbili nukta tatu na si mbili nukta tano? Ni swali zuri, na nilijiuliza hivyo hivyo, maana shaka haiondoki kwa siku moja. Faili haliendi likiwa uchi. Linakatwa vipande vipande, na kila kipande kinabeba anwani ya kinakotoka na kinakokwenda, kama barua inavyobeba bahasha. Bahasha nazo zinapita kwenye waya na kuchukua nafasi, lakini ukifika mwisho unahesabu barua, hukusanyi bahasha. Ndiyo "kidogo inapotea njiani" aliyoisema fundi.

Na mlinzi wangu? Njia yake ni sahihi kabisa, kwa maji. Kule tangini wanapima kwa lita, na mtungi wa mferejini ni wa lita. Kipimo ni kimoja, kwa hiyo pengo ni wizi au ni tundu. Kosa halikuwa lake. Mimi ndiye niliyelifuata bomba bila kuuliza kama pale tangini wanapima kwa mtungi au kwa kikombe.

Ilikuwa Alhamisi. Nilikwenda kwa Madam nikamweleza, nikamwomba barua yangu. Aliniuliza: "Kwa nini kule ulipima na hapa hukupima?" Nikamjibu kwamba sikuwa na sababu ya kupima hapa. "Na kule sababu ilikuwa nini?" Alinipa barua akasema nisiitume simu ifanye kazi yangu, niende mwenyewe.

Asubuhi ya Ijumaa nilikuwa Kakuma kabla jua halijakaza. Fundi alikuwa ameshafika. Funguo zilikuwa mezani, juu ya karatasi nyeupe aliyoandika orodha ya kila kifaa kilichomo chumbani, mpaka idadi ya panya za kompyuta. Shingo yake ilikuwa tupu. Hakuniamkia kwanza.

"Umekuja kuhesabu, mwalimu? Hesabu. Sitaki kesho banasema kumepotea waya."

"Nimekuja kusema nimekosa, dada. Nane ilikuwa sawa."

"Najua iko sawa."

"Nimepima Lodwar. Arobaini inafika nne nukta sita. Nilikuwa nasoma namba bila kusoma kipimo. Barua nimeichukua, hii hapa. Madam anajua. Funguo ni zako."

Hakuzigusa. "Uliniuliza kwa nini si tano."

"Niliuliza, lakini sikungoja jibu."

"Hukungoja. Ukaenda kuangalia juu ya paa ya watu." Sauti yake haikupanda. "Mke wa shemeji amelia. Jirani banafikiri ninyi ni polisi, banamuuliza, walikuja kutafuta nini kwenu? Sasa unakuja kuniambia mimi nane iko sawa. Mimi nilijua. Usiniambie mimi. Ambia ule."

Alimwonyesha mlinzi kwa kidevu. Mlinzi alikuwa amesimama mlangoni, akijifanya anaangalia laga.

Basi nikamwita ndani. Nikachukua mtungi wake wa manjano na kikombe cha plastiki. Nikamwambia, mzee, tuseme mtu wa tangi anakuandikia, "Ninakutumia vikombe ishirini kila sekunde." Wewe huku una vyombo vyako, kila kimoja kinachukua vikombe vinane. Utajaza vyombo vingapi kwa sekunde moja?

Akahesabu kwa vidole, akakunja, akakunjua. "Mbili. Na nusu."

"Kuna aliyetoboa bomba?"

Akamtazama fundi, akanitazama. "Lakini wewe umesema inafika mbili na kidogo. Si nusu. Hiyo kidogo imebaki nani anakunywa?"

Fundi akacheka, cheko fupi la puani, la kwanza tangu nifike. "Mzee, wewe unaweza kushuku mpaka kivuli yako."

"Kivuli yangu naijua, Mama Waya. Inakaa na mimi siku yote. Wewe unaenda kambini saa kumi na moja."

Nikamweleza habari ya bahasha. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia, akatoka kwenda kukaa juu ya mtungi wake. Sina hakika kama aliamini. Mpaka leo, kila nikifika, hunisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini kama ile kidogo imeshapatikana.

Fundi alisubiri mpaka tukabaki wawili. Kisha akaweka masharti yake, na sikuwa na haki ya kuyapunguza. La kwanza, niende mwenyewe kwenye duka la shemeji nikaseme mbele ya wateja kwamba pale hapakuwa na wizi. Nilikwenda siku hiyo hiyo. Mke wa shemeji alinisikiliza akiwa amekunja mikono kifuani, na wateja wawili waliokuwa wakingoja simu zao walinitazama mpaka nikamaliza. Hakunikaribisha kukaa.

La pili, tangu siku hiyo kipimo kifanywe kila Jumatatu, Kakuma na Lodwar pia, mbele ya watu wawili, na namba zote ziandikwe na vipimo vyake. "Na ya Lodwar uniletee," akasema. "Mi pia nataka kujua nani anashika funguo kule."

Alisema hivyo bila kutabasamu, na alikuwa na haki. Sasa yeye ndiye anayenishuku mimi, kila Jumatatu, na mimi hupeleka namba zangu kama mwanafunzi anayepeleka daftari. Akikuta nimeandika namba bila kipimo, ananirudishia.

Ndipo akazichukua funguo na kuzivaa. Akageuza ile karatasi ya orodha upande wa pili, akanipa kalamu, akaniambia niandike hatua kwa maneno ambayo hata mtu asiye fundi atayafuata, naye ataibandika mlangoni. Nikaandika, yeye akisahihisha. Nimekunakilia kama ilivyo, ifanye leo kwa laini yako kabla hujamnyooshea mtu kidole:

Chagua faili moja ambalo ukubwa wake unaujua kwa megabaiti. Zima vifaa vingine vyote vinavyotumia laini hiyo. Anza kupakua, na hesabu sekunde kwa saa mpaka faili liishe. Gawanya megabaiti za faili kwa sekunde ulizohesabu. Jibu lizidishe kwa nane. Andika "megabiti kwa sekunde" baada ya jibu, kisha lilinganishe na mkataba.